Ubeti wa Jiwe la Meester Joorst

Meester Izak Joorst alipiga hodi kwa Juffrou Dorothea Pekeur, walimu wa zamani wote wawili, ndiyo maana ya Meester na Juffrou, siku ya Jumatano saa nne asubuhi, tai shingoni, kofia mkononi, chupa ya jamu ya tini kwapani. Juffrou alimwona tangu anahangaika na komeo la geti, akasema moyoni, haya, umekuja mwenyewe kwa miguu yako. Alikuwa amemngoja miezi minne. Ukitaka hesabu kamili alikuwa amemngoja miaka thelathini, ila muda mrefu alikuwa hajui kwamba anayemngoja ni huyu.

"Asubuhi njema, Juffrou."

"Njema, Meester. Pita. Futa viatu, nimepiga deki."

Mzee wa miaka sabini na tisa, mwalimu mkuu mstaafu, aliyewahi kuwatetemesha walimu wenzake kwa kukohoa tu, akafuta viatu kama mtoto wa darasa la kwanza. Juffrou alilifurahia hilo. Tangu Machi furaha zake zilikuwa za namna hiyo, ndogondogo na chungu.

Alimmiminia kahawa. Meester akaiweka ile chupa mezani, akaigeuza ili karatasi yenye mwandiko wa marehemu mkewe itazame mbele.

"Ya mwisho aliyoipika Katriena," alisema. "Nilijua Juffrou hapokei kitu kingine."

"Tini za wapi?"

"Za mtini ule ule wa Mtaa wa Chini. Nani mwingine ana tini kama zile?"

Juffrou akaitazama jamu. Tini nzimanzima, za kijani, zimekaa ndani ya sukari zimetulia. Alimshangaa mtu huyu. Ama hana moyo kabisa, alifikiri, ama amekwisha kusahau, na alishindwa kujua lipi linamkasirisha zaidi.

"Nimeagiza jiwe la watu wawili," Meester aliendelea. "Jeusi, linalong'aa. Kushoto Katriena, kulia mimi. Jina langu na mwaka wa kuzaliwa vishachongwa. Siku yangu ikifika Kallie mchonga mawe ataongeza tarehe ya pili tu."

"Una haraka, Meester."

"Nina mpango, Juffrou. Siku zote nimekuwa mtu wa mpango."

"Hilo nalijua."

"Basi ubeti uwe mmoja, katikati, wa sisi wawili. Nilifikiri useme kidogo juu ya utumishi. Elimu. Miaka arobaini na moja mbele ya ubao. Sikuwekei maneno mdomoni."

"Umeshaniwekea."

Meester akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, kicheko cha mtu aliyezoea kuchekesha mikutano ya wazazi. Juffrou naye akacheka, kwa sababu ilikuwa ama acheke ama ammwagie kahawa.

"Na hujaniuliza kama nitaandika," alisema.

"Juffrou humwandikia kila mtu."

"Karibu kila mtu."

Meester akaitazama kofia yake. "Aa, yule. Yule ni habari nyingine."

"Ndiyo," alisema Juffrou. "Yule ni habari nyingine kabisa."

Katika makaburi ya Steenfontein hakuna jiwe lililosimamishwa tangu mwaka 1969 bila ubeti wa Juffrou Pekeur. Alikuwa na vitabu viwili vya mashairi, watoto wanavisoma shuleni, na maprofesa walikuja mara kwa mara na vinasa sauti kumuuliza mambo ya ajabuajabu. Watu wa Steenfontein hawakujali sana vitabu. Walichojua ni kwamba mtu akifa Juffrou atamtungia mistari minne, hatadai kitu, utampelekea chupa ya jamu au mfuko wa pichi kavu, basi. Kufa bila ubeti wake kulikuwa kama kuzikwa bila viatu.

Sharti lake lilikuwa moja. Ubeti hutoka mkononi mwake ndani ya bahasha na kwenda moja kwa moja kwa mchonga mawe. Hakuna mwingine anayeusoma mpaka Jumapili ya kufunua jiwe, kanisa zima limepanda kilimani, mfiwa wa karibu anavuta kitambaa na kuusoma kwa sauti, yeye wa kwanza. Sharti hilo lilizaliwa baada ya wana wa mzee mmoja kugombania neno "mpole" hadi baba yao akakaa miaka miwili bila jiwe. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuuliza. Kutaka kuchungulia ni kusema mbele ya watu kwamba unaogopa kitakachoandikwa.

Kaburi moja tu ndilo halikuwa na ubeti. La Frans Apollis, mtunza shule. Liko karibu na ukuta wa chini, msalaba wa bati na namba, na magugu.

Juffrou ndiye aliyemnyima. Mwaka 1976 alikuwa anafundisha darasa la saba, akaandika ubaoni shairi lake la ubeti mmoja juu ya Mtaa wa Chini, ule uliobomolewa na watu wake kuhamishwa kutoka mtoni hadi huku kwenye vumbi ili eneo lipewe watu weupe kwa sheria ya ubaguzi wa rangi. Nyumba zilikwenda, mtini wa kina Pekeur ukabaki. Watoto arobaini na mmoja walilikariri kwa siku mbili. Wiki iliyofuata polisi walikuja na magari mawili. Nakala zote zilichomwa uani mwa shule, watoto wamepangwa mstari watazame, na kila mmoja alichapwa viboko sita ili lisahaulike. Juffrou alikaa ndani miezi mitano. Alipotoka hakuwa mwalimu tena, na kwa miaka kumi na minane alichambua pichi kavu kwenye kiwanda cha matunda, mpaka vidole vyake vikaota sugu za rangi ya machungwa.

Nani alimuuza? Meester Joorst alikuwa mtu wa kwanza kuja kumpa pole. Alikaa hapohapo kwenye kiti hichohicho, akapunguza sauti. "Mimi sisemi jina, Dorothea," alimwambia. "Ila funguo za darasa lako ziko mbili. Mmoja unao wewe." Wa pili alikuwa nao Frans.

Ilitosha. Frans alipokuja kumsalimia, kofia kifuani, Juffrou alimfungia mlango usoni. Mji mzima ulimfungia milango kufuata wake. Hakuna aliyekaa naye benchi moja kanisani. Mtu aliyekuwa hanywi alianza kunywa, na mwaka 1988 walimkuta mtaroni. Dada yake alikuja na mfuko wa pichi kuomba ubeti. Juffrou alimwambia, "Mimi siandikii wachongezi," akamrudishia mfuko wake. Akalala usingizi mzuri usiku ule, na kwa miaka mingi alijivunia jibu lile.

Halafu mwezi Machi mwaka huu Katriena Joorst alimwita kitandani kwake. Walikuwa marafiki tangu utotoni, walioga pamoja mtoni. Saratani ilikuwa imemmaliza, amebaki macho na pua. Alimtuma mtoto wa jirani dukani, akasubiri mlango ufungwe, kisha akatoa karatasi chini ya godoro.

"Nilikuwa natafuta cheti cha bima ya mazishi," alisema. "Unamjua Izak na mafaili yake. Hatupi kitu. Soma."

Ilikuwa nakala ya kaboni, wino wa buluu uliofifia, imepigwa taipu kwa nafasi sawasawa kama alivyokuwa akipiga Izak. Barua kwa wakubwa wa elimu, tarehe saba Agosti 1976. *Nawajibika kuwaarifu kwamba Bibi Pekeur anafundisha shairi la uchochezi, nakala naambatisha. Anawanyooshea kidole watumishi waaminifu walioandaa orodha ya wakazi mwaka 1967, mimi nikiwa mmojawao.* Chini, sahihi.

Juffrou alisoma mara tatu. Orodha? Hakuwahi kujua kwamba orodha ya kuhamishwa iliandikwa na mtu wao wenyewe. Alipotunga ule mstari wa tatu wa shairi, unaouliza aliyeandika ni nani, alikuwa anamfikiria karani fulani mweupe wa ofisini ambaye hata sura yake haijui. Izak alijiona mwenyewe ndani ya shairi, akashtuka, akakimbilia taipureta.

"Frans," alisema Juffrou.

"Frans, ndiyo," Katriena alisema. "Miaka hamsini na moja nimelala na mtu huyu, Thea. Nimemfulia, nimempikia. Nasikia kinyaa mpaka kwenye ngozi." Alipumzika kidogo. "Ubeti wangu utauandika wewe. Weka ule ule uliochomwa."

"Kwenye jiwe lako? Katriena, hilo jiwe litakuwa na jina lako."

"Usinionee huruma. Mimi nitakuwa chini, sitaona aibu. Yeye ndiye atakuwa juu."

Siku tatu baadaye alikufa.

Meester alipokwisha kunywa kahawa na kuondoka, Juffrou alikaa mezani akajaribu kuwa mwema kwa Katriena. Alimtungia ubeti mzuri, wa mto na wasichana wawili na sabuni. Akauchana. Akamtungia Izak mistari minne ya laana, mibaya hata yeye alishangaa kwamba anayajua maneno hayo. Akaichana nayo, kwa kuwa ilikuwa michafu na dhaifu, na hakutaka Izak apate kusema kwamba Dorothea amezeeka. Alitaka aumie sawasawa. Alitaka aumie kama alivyoumia Frans, mbele ya wale wale, asubuhi na jioni, akienda dukani, akienda kanisani. Wala hakuona haya kutaka hivyo. Alichokionea haya ni alivyomtenda Frans, na haya hiyo ndiyo iliyokuwa inamchochea, maana nusu ya deni la Izak lilikuwa lake yeye.

Mwishowe alichukua karatasi safi akaandika shairi la mtini, neno kwa neno. Miaka thelathini hakuwa ameliandika. Maprofesa walipoliulizia aliwajibu, "Lilichomwa, basi limechomwa." Ukweli ni kwamba kila akilikumbuka alimkumbuka Frans, na kinywa kikawa kichungu.

Ua wa Kallie Februarie uko nyuma ya gereji, umejaa vumbi jeupe na mawe yasiyo na majina. Kallie alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitatu, kifua kama pipa, miwani imefungwa kwa kamba. Aliifungua bahasha na kusoma huku anatafuna biskuti. Akaacha kutafuna.

"Juffrou."

"Nini?"

"Hili nalijua." Akaigeuza karatasi kifudifudi, akafumba macho na kulighani lote kwa sauti ya mtoto anayesimamishwa darasani. Alipofika mwisho alijishika makalio. "Viboko sita, Juffrou. Niliambiwa nisahau. Nilikuwa nalisema kimoyomoyo kila kiboko kikishuka."

"Nilifikiri mmesahau wote."

"Nani asahau? Muulize Magriet wa posta. Muulize mchungaji mwenyewe. Sisi tulidhani Juffrou ndiye hataki tulitaje." Akafungua macho. "Lakini kwa nini kwenye jiwe la Meester? Meester ameomba hili?"

Juffrou akatoa nakala ya kaboni mkobani, akampa. Kallie alisoma taratibu, kidole kikifuata maneno. Shingo yake ikawa nyekundu. Aliposhusha karatasi alichukua tindo, akaitazama makali yake, akairudisha mezani kwa uangalifu mkubwa.

"Oom Frans, tulimwita mjomba, alinitengenezea gari la waya," alisema. "Baba alilivunja. Akasema hatupokei kitu cha mchongezi."

"Baba yako aliusikia uchongezi huo kwangu, Kallie."

Kallie hakumwambia si kosa lako, Juffrou, naye Juffrou alimshukuru moyoni kwa kutosema hivyo.

"Nataka jiwe la pili," alisema Juffrou. "Dogo. La Frans. Utaniambia gharama."

"Juffrou asinitukane. Jiwe ninalo. Andika tu."

Juffrou akaandika hapohapo, amesimama, karatasi juu ya jiwe la mtu mwingine. Kallie alisoma, akavua miwani na kuipangusa kwa shati, akakawia kuivaa tena.

Alhamisi kabla ya kufunua jiwe Meester alirudi. Safari hii hakuwa na tai. Juffrou alikuwa anamwagilia maua, hakumkaribisha ndani.

"Nimepita kwa Kallie," Meester alisema. "Amefunika jiwe na turubai, halafu kalifunga kamba. Kamba, Juffrou. Hata salamu kaniitikia nusunusu."

"Kallie ana kazi nyingi."

"Nilifikiri, kwa kuwa jina langu limo, na mimi bado niko hai, si ingekuwa jambo la kawaida tu nikauona mapema?"

"Inawezekana kabisa." Juffrou aliweka kopo chini. "Jumapili nitawatangazia watu kwamba Meester Joorst ameomba kuona kwanza. Atakuwa mtu wa kwanza tangu nianze. Watauliza kwa nini, lakini wewe unajua kuongea na watu."

Meester akajaribu kile kicheko chake, hakikutoka.

"Hapana, hapana. Nilikuwa nasema tu."

"Izak." Hakuwa amemwita hivyo kwa miaka mingi. "Una kitu ungependa kuniambia?"

Na hapo alimpa nafasi, ya kweli. Alisimama na mikono imelowa, akijua kwamba mtu huyu akifungua mdomo na kutaja jina la Frans, itabidi akimbie kwa Kallie jioni hiyohiyo. Hakutaka aseme. Aliomba asiseme. Hata hivyo alingoja, akahesabu moyoni mpaka ishirini.

Meester alitazama maua. "Mambo ya zamani?" alisema hatimaye. "Watu husahau, Dorothea. Na ni vizuri wanavyosahau."

"Tuonane Jumapili," alisema Juffrou, akaokota kopo lake.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba ilikuwa na jua na upepo kidogo. Baada ya ibada watu walipanda kilimani, labda mia mbili, wanawake wameshika kofia, wanaume wamebeba viti vya wazee. Mchungaji aliomba. Kwaya iliimba. Meester alikuwa mbele, suti nyeusi, shada la maua meupe, na uso wake ulikuwa umepata nguvu tena. Watu wote hawa walikuwa wanafunzi wake. Ukimtazama ungeona kabisa amejiambia kwamba hakuna kitu.

Juffrou alisimama nyuma, karibu na Kallie. Nakala ilikuwa ndani ya kitabu chake cha nyimbo.

"Meester," mchungaji alisema, "tafadhali."

Meester akavuta kitambaa. Kikateleza, jiwe likang'aa. Kushoto, Katriena Joorst na tarehe zake mbili. Kulia, Izak Petrus Joorst, 1927, kistari, na nafasi tupu. Katikati, mistari minne. Alivaa miwani, akajiweka sawa, na ile sauti nzuri ya darasani ikatoka kabla akili haijaona inakokwenda:

"*Walitutoa mtoni, mtini wetu kabaki...*"

Akasimama hapo. Mdomo ulibaki wazi. Kitambaa kilikuwa bado mkononi mwake, upepo unakichezea.

Katika kundi, mwanamke mmoja alishusha pumzi kwa nguvu. Alikuwa Magriet wa posta. Akaendelea yeye, bila kutazama jiwe, macho juu:

"*Bado unazaa tini, ziliwazo bila haki...*"

Mstari wa tatu walikuwa kumi. Sauti za watu wazima wenye vitambi na mvi, lakini waliusema kama walivyofundishwa, kwa kutua palepale alipowafundisha kutua. Mchungaji alifunga Biblia akaingia nao.

"*Aliyeandika nani? Jina halifunikiki,
Mawe yatasema nani, siku hiyo habanduki.*"

Wengine walikuwa wanalia, na wakilia wanacheka. Watoto wao waliwatazama kama wamerukwa na akili. Na kabla Juffrou hajasogea, kilitokea kitu ambacho hakuwa amekitarajia kabisa. Watu walianza kumwendea Meester. Walimshika mkono.

"Asante, Meester. Asante kwa kuturudishia."

"Kumbe ulilitunza siku zote, Meester! Na kuliweka juu ya jina lako!"

"Mungu akubariki, Meester."

Na Meester, Mungu wangu, alianza kuinamisha kichwa na kupokea. Rangi ilimrudia. "Basi, basi," alikuwa anasema, "nilifikiri ni wakati." Alimtafuta Juffrou juu ya vichwa vya watu, akamtazama kwa shukrani. Alidhani amesamehewa.

Hasira ikampanda Juffrou. Kama kulikuwa na huruma iliyobaki mahali fulani ndani yake, iliishia pale.

"Kuna jiwe la pili," alisema. Hakupaza sauti, lakini alikuwa mwalimu, na watu mia mbili wakageuka. "Karibu na ukuta wa chini. Nifuateni."

Walimfuata kwa mshangao, wakipita kati ya makaburi, mpaka kwenye msalaba wa bati. Magugu yalikuwa yameng'olewa. Kitambaa kidogo cheupe kilifunika kitu cha kimo cha goti. Mnong'ono ukapita, Frans, si hapa alipo Frans? Kwa nini Frans?

"Hana mfiwa wa karibu," Juffrou alisema. "Dada yake alikufa bila kupata alichoniomba. Nitavuta mimi."

Akapiga goti kwa shida, akavuta, akasoma:

"*Frans Apollis, mtunza shule. Ufunguo alikuwa nao, hakufungua mdomo wake. Dorothea Pekeur alimnyima mistari, akamnyima na salamu. Ndiye anayeomba radhi hapa.*"

Kisha sauti ya mzee mmoja ikauliza kwa nyuma, "Sasa kama si Frans, nani?"

Juffrou alishika jiwe akainuka. Meester alikuwa amebaki kule juu, peke yake kando ya jiwe jeusi, maua yake mkononi. Alikuwa amesikia swali. Hatua hamsini si nyingi.

"Mimi sisemi jina," Juffrou alisema, na akamtazama mpaka alipoona kwamba maneno hayo ameyakumbuka. Halafu akafungua kitabu cha nyimbo, akampa Magriet ile karatasi ya wino wa buluu.

Magriet alisoma. Akampa mumewe. Mumewe akampa mchungaji. Karatasi ikatembea mkono kwa mkono, polepole, kwa sababu wengine walihitaji miwani na wengine waliisoma mara mbili, na kila aliyemaliza aligeuza uso kuelekea juu, akatazama kidogo, kisha akarudisha macho kwa Frans. Mzee aliyeuliza alivua kofia. Kallie alikuwa amesimama mikono nyuma, machozi yanashuka mpaka kwenye ukosi, na hakuyafuta.

Hakuna aliyemtukana Meester. Hakuna aliyekwenda kumuuliza. Waliimba wimbo mmoja kwa Frans, kisha wakashuka kilimani kwa lango la chini, lile ambalo halitumiki, ili wasipite alipo. Mwanamke aliyemleta Meester kwa gari asubuhi alipanda garini, akafunga mlango na kwenda zake.

Juffrou alikuwa wa mwisho. Alipanda mpaka kwenye jiwe jeusi, akatoa mkobani ile chupa ya jamu ya tini, haijafunguliwa, akaiweka chini upande wa Katriena.

"Litang'olewa," Meester alisema. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Nitaleta mtu alichonge upya."

"Mlete nani? Kallie?"

Meester aliyatazama maua yake.

"Siku ya kumzika uliahidi mbele ya kanisa utamletea mkeo maua kila Jumapili," Juffrou alisema. "Watu watakuwa hapa wanamletea Frans ya kwake. Usichelewe, Izak."

Akamwacha hapo. Njiani kuteremka alimsikia akijaribu kusoma tena kwa sauti, kama mtu anayehakikisha, akafika mstari wa tatu akashindwa, akaanza upya.